Nirudishieni Mama Mkwe Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Mambo ya Kale na Wageni,

Natumaini u mzima, na kwamba bado una hamu ya kurudi nyumbani jioni, maana mji wenu una tabia ya kuwazuia watu. Mimi ni fundi redio, baba wa watoto watatu, mtu nisiyependa ugomvi. Ninachodai ni kimoja tu: mama mkwe.

Tulikuja kwenu kwa siku tatu. Mama tulimchukua kwa sababu ya goti, tukiambiwa hewa ya bahari ni dawa. Alikuwa karani wa masjala miaka arobaini, na tangu astaafu hakuna lililompendeza: chai imepoa, watoto wanapiga kelele, mkwe anatafuna kwa sauti. Tulishazoea. Sasa naomba usikilize malalamiko yangu.

1. Mandhari. Hakuna aliyetuonya. Tulipopanda juu ya ukuta wa ngome yenu ya kale, bahari ikajitandaza chini yetu kwa rangi tatu, na mama mkwe akasema, "Lo!" Namjua mwaka wa kumi na nne huu, "Lo" sijawahi kuisikia. Mke wangu alidhani kang'atwa na nyuki.

2. Yule dada wa miwani anayeongoza wageni alipomaliza maelezo, aliuliza, "Kuna swali?" Mheshimiwa, huo ni uzembe kazini. Mama alikuwa nayo kumi na saba. La kwanza: mzinga mkubwa wa vita una mwaka mmoja kwenye kibao na mwingine kwenye chuma, je, mwongo ni nani? Dada hakununa. Alimshukuru! Kisha akamfungulia stoo ya kumbukumbu.

3. Stoo yenyewe. Mafaili ya miaka mia mbili, yamelaliana kama kuni! Fisi hapewi bucha alinde, na karani mstaafu haoneshwi rundo kama lile. Aliingia saa tatu asubuhi akichechemea. Alitoka saa kumi jioni, vumbi hadi kwenye kope, bila fimbo. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye dirisha lisijifunge. Siku ya safari akatuambia, "Nendeni salama, wanangu. Mimi ndiyo kwanza nimefika herufi K."

4. Sasa anatupigia simu akicheka. Juzi alimsimulia mke wangu habari za mfanyabiashara wa zamani aliyeandika barua tisa kumshtaki mbuzi wa jirani. Walicheka mpaka chakula kikaungua. Wanangu wameacha katuni. Wanataka kujua hukumu ya mbuzi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumatatu nilikwenda kazini na soksi mbili zisizofanana, na hakuna aliyenikemea. Jana nilitafuna kwa sauti makusudi, nikatega sikio. Kimya! Nyumba bila mama mkwe, Mheshimiwa, ni redio bila betri.

Kwa hiyo naomba stoo ifungwe, ngome igeuzwe kuwa ghala la saruji, dada wa miwani apewe kazi isiyohitaji adabu, na bahari, angalau Jumatatu hadi Alhamisi, ifunikwe turubai. Turubai nitachangia mwenyewe.

Wasalimie walinzi wa lango, wauza kahawa, na paka anayelala juu ya mzinga. Msinifikirie vibaya.

Ni mimi, katika upweke na utiifu,

Fundi Redio

N.B. Nilikusudia kuituma barua hii kwa posta, nikaona bora niilete kwa mkono, nimchukue mama siku hiyohiyo. Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita. Mama ameisoma, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaipachika kwenye faili la "Upuuzi". Turubai haihitajiki tena. Ila nauliza: ile ghorofa yenye madirisha ya kijani, nyuma ya soko, inapangishwa? Tafadhali jibu upesi, mke wangu na watoto wanafika Ijumaa na masanduku saba.