Migunga Inayowapigia Mluzi Maharusi Wangu

Kwa Ndugu Afisa Misitu,

YAH: KUONDOLEWA KWA MITI, VICHAKA NA MAUA YASIYO NA ADABU

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini cheo chako nakijua. Mimi ni mpiga picha za harusi, na studio yangu inatazamana na kile kiwanja ambacho ofisi yako inakiita uoto wa asili. Sisi wenye macho tunakiita pori. Siandiki kwa chuki. Naandika kwa sababu yamenifika shingoni.

Ndani ya studio nimetengeneza bustani kwa jasho langu: nyasi za plastiki zinazopigwa deki kila asubuhi, mawaridi ya plastiki yasiyojua kunyauka, na maporomoko ya maji yanayotumia umeme. Ng'ambo ya barabara kuna migunga ambayo haikupandwa na mtu, hainyweshwi na mtu, haina leseni, na inanipokonya wateja mchana kweupe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Migunga inachanua bila kutoa taarifa. Bibi harusi mmoja, binti wa mwenye duka la saruji, alikuwa ameshakaa kwenye bembea yangu, shela imetandazwa, taa zimewashwa. Upepo ukaingiza harufu dirishani. Akauliza, "Hiki kinachonukia ni nini?" Nikamjibu ni sabuni ya deki. Akainua gauni akavuka barabara, bwana harusi nyuma yake kama mkia. Kumbe migunga ilikuwa imejaa vimaua vya manjano, mviringo kama vifungo vya sweta. Nilibaki na shangazi yao, ambaye alikuwa amesinzia.

2. Nyuki alitua kwenye waridi langu la plastiki mbele ya ukoo mzima wa wateja. Akalizunguka, akalikagua, akaondoka zake. Ukoo ukaangua kicheko. Nyuki huyo ametumwa na nani, kama si miti ile?

3. Migunga inawapigia wanawake mluzi. Utaniambia ni sisimizi wametoboa vile vinundu vya kwenye miiba, na upepo ukipita vinalia. Mwambie hivyo bwana harusi mmoja, askari magereza, aliyegeuka na ngumi akafoka, "Nani anampigia mke wangu mluzi? Ajitokeze!" Akapekua kichaka kizima. Sikufichi, nilifurahi, nikajua leo miti itakatwa. Badala yake mkewe alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, na cheko lile likanaswa na jamaa tunayemwita Simu Tu, kwa kuwa hana kamera wala studio. Siku hizi kila bibi harusi anataka picha "ya mluzi".

4. Kuna maua mekundu yanayochomoza ardhini bila jani hata moja, duara kama moto uliofinyangwa. Haya yamenigombanisha na mama mkwe, mtu ninayemheshimu hadi akiwa sebuleni mimi napitia mlango wa jikoni. Nilimkaribisha kwenye bustani yangu. Akayatazama mawaridi, akasema, "Mkwe wangu, mbona unaniwekea maua ya kaburini na mimi bado sijafa?" Akaenda kujikalia kwenye nyasi ndefu, katikati ya mekundu yale. Picha aliyopigwa na Simu Tu imetundikwa sebuleni kwangu. Nakula inanitazama.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu wa pekee anaolewa mwezi ujao. Alijifunza kutambaa juu ya nyasi zangu za plastiki. Nikamwahidi kuyaongezea maporomoko taa za rangi. Akaniambia taratibu, bila hata kunidharau, "Baba, nakupenda, lakini siku hiyo nataka nikanyage kitu kilicho hai." Tangu hapo sijamsemesha, na mama yake ananisemesha kupitia kwa jirani.

6. Nilichukua panga nikaenda mwenyewe. Nilipougusa mgunga wa kwanza, sisimizi walishuka kama wamepigiwa kengele, wakanipandia ndani ya suruali. Nilivuka barabara nimeibeba suruali mkononi, msafara wa harusi ukipita, matarumbeta yakinisindikiza. Simu Tu alikuwepo. Picha ile imesambaa kuliko zote nilizopiga maishani.

Kwa hiyo naomba kiwanja kifyekwe. Ikishindikana, basi migunga ichanue siku za kazi tu, mluzi upigwe marufuku, na sisimizi wafikishwe mbele ya sheria. Nasikia utetezi wako kwamba miti hii ilikuwepo kabla yetu sote. Ndugu Afisa, kuwepo kabla hakujawahi kumsaidia binadamu yeyote mbele ya mwenye hati. Kwa nini kuusaidie mti?

Nisalimie wote ofisini: katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi ambaye kila nikija ananiambia umetoka kidogo. Nyumbani pia wape salamu, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi raia mwema, niliyeumwa lakini sijakata tamaa,

Mpiga Picha, mkabala na pori

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, mzigo wangu umeingia kutoka Ulaya: pazia la kutundika nyuma ya maharusi, toleo la kifahari. Ndugu yangu, sijawahi kuona mandhari kama hiyo! Nyasi za dhahabu zinazofika magotini, miti ya miiba yenye vitufe vya manjano, na chini yake maua mekundu kama taa. Wenzetu wamejaliwa. Wateja wameshaanza kupanga foleni. Binti yangu alipoliona alicheka hadi akakaa chini. Nadhani ni furaha. Basi pori likishafyekwa, tafadhali agiza mbegu za miti hiyo hukohuko Ulaya, tuipande palepale, watu wetu nao waone miti ya maana. Nitaimwagilia mwenyewe.