Nilivyousifia Umeme wa Jua Usiokuwepo

Leo nimeaibika, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Acheni niwasimulie kabla hamjasikia kwa watu.

Mnaijua saluni yangu hapa Mbamba Bay. Wiki mbili zilizopita nilifunga sola: paneli nne juu ya bati, betri na inveta kule stoo, na taa zote nikaweka zile zinazokula umeme kidogo. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa ndotoni. Nasuka nywele huku nawaza jua linavyoshuka polepole kutoka juu ya bati, linapita kwenye nyaya, linatulia ndani ya taa kama maziwa kwenye kikombe. Hata mwanga wenyewe nikauona mlaini. (Mume wangu alisema haoni tofauti. Nikamwambia hana macho.)

Asubuhi wakaja akina mama watatu wafanyabiashara, wajionee kabla na wao hawajafunga. Mkubwa wao ni Mama Kapinga, mwenye mashine ya kusaga kule Mbinga. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti kizuri. Kwenye draya alikuwa Mwalimu Neema, kichwa kimejaa rola, mchana anasimamia bibi harusi.

Nikaanza kuhubiri.

"Mama, mwanga huu hauchoshi macho. Ni wa jua. Na hiyo draya, sikiliza inavyonguruma kwa upole."

Mama Kapinga akafumba macho asikilize. Na mimi nikafumba. Nje ziwa lilikuwa limetulia, mtu anaosha vyombo huku anaimba, nikahisi saluni nzima inaelea.

Draya ikanyamaza. Taa zikazima.

"Umeme umekatika," akasema Mwalimu Neema.

"Hauwezi kukatika. Sisi hatutumii huo wa nguzo."

Redio ya jirani ilikuwa inaendelea kuimba. Nikampigia fundi, nikaweka spika ili wageni wasikie ninavyomkaripia. (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

"Fundi, sola yako imekufa."

"Haijafa, dada. Hebu angalia mita."

Mita ilisoma sifuri. Uniti zimeisha.

"Uniti ziishe vipi wakati natumia jua?"

"Dada, ile swichi uliishusha? Nilikwambia betri zikishajaa uishushe, ndipo umeme wa jua uingie. Ukasema umeelewa."

Nikakumbuka. Alipokuwa anaeleza nilikuwa dirishani, natazama mwanga unavyocheza juu ya maji. Nilimjibu tu ndiyo, ndiyo. Kumbe wiki mbili nzima nausifia umeme wa siku zote, na jua limekaa stoo linanisubiri.

Nikaenda stoo, nikashusha swichi. Taa zikawaka. Draya ikanguruma. Mama Kapinga akaitazama taa, akanigeukia.

"Sasa huu ndio wa jua?"

"Ndiyo, mama."

"Na ule ambao haukuwa unachosha macho?"

Mwalimu Neema alicheka mpaka rola mbili zikadondoka, nikashukuru kupata kitu cha kuokota.

Harusini amewahi, na nywele zimetoka vizuri. Wale akina mama nao wameamua kufunga sola. Wamechukua namba ya fundi, wakaniomba siku ya maelekezo nisiwepo.

Ukipita Mbamba Bay, karibu usukwe. Anayetaka kucheka, amalizie huko huko barabarani.