Ngao Mpya kwa Arobaini ya Rusi

Jumatano, 13 Mei
...basi, kabla maziwa hayajafurika jikoni nilikuwa naandika habari za Gencho, mwenzetu wa pikipiki. Nedelka, mjane wa Rusi, kasema wazi: Jumamosi, arobaini ya marehemu, atakayeongoza msafara wa pikipiki kwenda makaburini ni mwenye mahali pa kubandika lile tangazo la kifo, karatasi yenye picha yake, lionekane. Gencho kajigamba ati tangi lake la mafuta linatosha. Tangi! Rusi alale chali kama samaki sokoni? Rusi ndiye aliyenifundisha kuendesha, mimi mama mtu mzima, watu wakicheka. Nitaongoza mimi.

Alhamisi, 14 Mei
Kwa fundi Yordan. Ana ngao mbili za kukinga upepo, za mitumba. Ndogo inafungwa kwenye usukani, inageuka nao. Kubwa inafungwa kwenye fremu, haigeuki, tena imetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Yordan kasema, dada Dochka, chukua ndogo. Nikamwuliza, ina mahali pa uso wa mtu? Nimechukua kubwa.

Ijumaa, 15 Mei
Matundu hayalingani. Nimetoboa mapya. Bolti nne, waya kidogo, imekaa kama mlango wa kanisa! Yordan kapiga simu: nigeuze usukani kulia na kushoto kwanza. Nimegeuza kulia. Safi. Kushoto nikasahau, gundi ya tangazo ilikuwa inakauka.

Jumamosi, 16 Mei
Njia ya makaburini iko kushoto. Usukani ukagonga ngao, ukagoma. Nikaenda kulia. Pikipiki thelathini nyuma yangu, na kasisi garini. Tumezunguka uwanja wa mji mara tatu! Wazee pale mgahawani wakavua kofia. Raundi ya nne Gencho akashuka. "We mama, tunamkumbuka Rusi au tunamtafuta?" Akaunyanyua mkia wa pikipiki yangu, akanielekeza kushoto. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Kaburini Nedelka akanigawia ngano ya kuchemsha, ile ya kumkumbuka marehemu, akanishika mkono, hauachii. Kasema Rusi hakurudi nyumbani hata siku moja bila kuuzunguka uwanja kwanza. Akauliza, nani kaniambia? Nikatia ngano mdomoni. Gencho akatugeuzia mgongo, anafuta macho.

Jumapili, 17 Mei
Yordan kasema tuikate ngao upande wa kushoto. Nikate, na uso wa Rusi uko hapo hapo! Mwaka wa kifo chake ukitimia naweka ngao pana zaidi, ya matangazo mawili, la arobaini na la mwaka. Kwani kushoto kuna nini?

Mume wangu Mitko anapiga kelele uani, ati nani kaikwamisha pikipiki langoni, haitoki wala hairudi, na kasisi yuko nje anataka kuingia. Ngoja nika