"Hivi Karibuni" Ni Muda Gani

Idara ya Vipimo na Ulinganifu ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba zama za kubahatisha zimekwisha. Tangazo lilibandikwa kila mlango na, kwa maelekezo ya Mkurugenzi, ndani ya lifti mbovu, ambako wananchi hupata muda wa kutosha kusoma.

Zama hizo zilikuwa zimeleta aibu. Mawakala wa akili bandia, yaani zile programu zinazoandika barua na kuagiza bidhaa kwa niaba ya ofisi, hawakuwa wakielewana: mmoja anahesabu kwa futi, mwenzake kwa mita. Hospitali moja iliagiza mapazia, ikaletewa mapazia yaliyotoka dirishani, yakashuka ghorofa mbili na kupumzika juu ya gari la mganga mkuu. Ndipo kikaundwa Kigeuza-Vipimo, chombo cha kuwasaidia mawakala kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine.

Kwenye futi na mita kilikwenda vizuri. Shida ilikuwa wananchi, ambao kwa ukaidi wao hawaongei kwa futi. Waliwaandikia mawakala, "Kwangu ni hapo tu," au "Nipe siku mbili tatu." Kigeuza kikajibu: kipimo hakitambuliki. Mkurugenzi akaunda kamati. Kamati ikakaa siku nne kujadili "hapo tu", ikapendekeza iundwe kamati ndogo.

Mwishowe kazi ikamwangukia karani wa chumba namba tisa, mama wa makamo aliyeitwa Mama Futi kwa sababu hakuamini kitu kabla ya kukipima. Alikuwa kibarua kwa miaka minane. Tangu mwanzo barua yake ya kuajiriwa rasmi ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, ikisubiri sahihi moja.

"Nijazie jedwali la maneno ya watu," Mkurugenzi alimwambia. "Barua yako nitaisaini hivi karibuni."

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Mama Futi, na akaliandika neno hilo pia kwenye orodha.

Akaingia mtaani na saa na futikamba. Muuza viatu alimwambia stendi ni hapo tu; akatembea mita elfu mbili na mia tatu, kandambili ikakatika. "Njoo kesho jioni" ya fundi cherehani ilimchukua siku kumi na tisa. "Niko njiani" ya shemeji yake ilikuwa dakika sabini, na alipopiga simu tena alisikia maji yakimwagika bafuni. Mama Futi aliandika yote, na kusema kweli hakuwa amewahi kufurahia kazi namna ile.

Yakabaki maneno ya serikali. Hayo aliyapima kwenye mafaili, tarehe kwa tarehe. La mwisho lilikuwa "hivi karibuni". Fundi wa kompyuta alichungulia jedwali, akashusha sauti.

"Dada, ukiingiza hii umejichongea. Andika wiki mbili, yaishe."

"Nimepima mafaili mia mbili na kumi," alisema. "Hamna hata moja la wiki mbili."

Akaingiza. Mkurugenzi akaligongea muhuri jedwali bila kulisoma, maana lilikuwa na kurasa arobaini na jalada zuri.

Siku ya uzinduzi, ukumbi ulijaa. Waziri, mama mnene mwenye miwani mikubwa, alikaa mbele. Wakala mmoja alipewa kazi ya kuandika hotuba kwenye skrini, akitumia Kigeuza.

"Ndugu wananchi, maabara yetu itakamilika hivi karibuni," alianza Mkurugenzi.

Skrini ikaandika: *Maabara itakamilika baada ya miaka sita na miezi mitatu.*

Mkurugenzi, aliyeipa skrini mgongo, akaendelea kwa raha. "Ujenzi umefikia hatua nzuri."

*Ujenzi haujaanza.*

Mtu akacheka, ukumbi mzima ukafuata. Mkurugenzi akageuka, akasoma, akamtafuta Mama Futi kwa macho. "Mhusika nitamchukulia hatua mara moja!"

*Mhusika atachukuliwa hatua baada ya miaka kumi na minne.*

Mama Futi akapiga hesabu haraka: alikuwa amebakiza miaka tisa kustaafu. Akaegemea kiti chake.

Waziri alikuwa akipangusa machozi ya kicheko. Hotuba yake mwenyewe, kurasa kumi na mbili, aliikunja taratibu akaizika ndani ya mkoba. "Huyu aliyepima ni nani?"

"Ni kibarua wetu, mheshimiwa," alisema fundi wa kompyuta. "Barua yake ya ajira inasubiri sahihi ya Mkurugenzi."

"Tangu lini?"

"Miaka minane."

Waziri akamgeukia Mkurugenzi. "Imefikia wapi?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaitazama skrini. Akaufunga. Akaufungua tena, akatafuta neno kwenye akiba yake yote ya miaka ishirini, na kila alilolishika aliliona likiwa tayari limeandikwa nyuma yake kwa herufi kubwa. Akamnong'oneza katibu wake. Katibu akatoka mbio na kurudi na barua. Mkurugenzi akachomoa kalamu, akasaini.

Hakukuwa na neno la kugeuza. Skrini ikangoja kidogo, kisha ikaandika: *Sekunde nne.*