Mzamiaji wa Mtumbwi wa Rubisi

Jumatatu, 6 Machi 1995
Shirika la maji linatafuta mzamiaji. Magugu yameziba mdomo wa bomba bwawani, na wakimbizi kambini wanapanga foleni kutwa nzima. Mwalimu, Bwana Ndassa, ametoka Mwanza na mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni. Nimeugusa. Nikamwuliza hewa ikiisha inakuwaje, na kama mtu anaweza kupiga chafya huko chini. Akajibu yote. Lazima niipate kazi hii. Jirani yangu Kazimili naye kajiandikisha. Kazimili, anayeogopa hata kunawa uso!

Jumanne, 7 Machi
Ndassa kauliza nani anatumia dawa. Kasema dawa inayokusinzisha kidogo nchi kavu yaweza kukulaza kabisa majini. Na mwenye kifafa asizame: akianguka kwenye nyasi ataamka, akianguka chini ya maji mrija unamtoka mdomoni, anavuta maji. Nikauliza huchukua dakika ngapi. Akauliza kwa nini nataka kujua. Udadisi tu, nikasema.

Nina kifafa tangu darasa la tano. Vidonge nimevificha kwenye kopo la kahawa, na mwaka wa tatu huu sijaanguka. Nimepata njia: nikiviacha leo, situmii dawa, kwa hiyo sijamdanganya mtu.

Alhamisi, 9 Machi
Siku ya tatu bila kidonge. Kichwa chepesi. Kumbe wenzangu huishi hivi!

Ndizi za shangazi Domisiana bado ziko shimoni zinaiva, hivyo mtumbwi wake wa kukandia rubisi, pombe yetu ya ndizi, uko wazi mpaka Jumamosi. Nimeujaza maji, ndoo kumi na nne. Mchana nitalala humo kifudifudi, mrija wa kunywea rubisi mdomoni.

Ijumaa, 10 Machi
Nilianguka mtumbwini. Kazimili, aliyekuja kunichungulia, aliona miguu inapiga ubao, akanitoa na kunilaza ubavu. Nasikia shangazi aliuliza kwanza kama mtumbwi umepasuka, halafu akalia mpaka jioni. Niliogopa sana. Naandika hivyo na sifuti.

Muuguzi Priscila kasema kuacha vidonge ghafla ndiko kulikoniangusha. Nisiviache tena bila kumwuliza. Nisiogelee peke yangu, nisikae karibu na moto, nisipande miti. Nikamwuliza kidonge hujuaje njia ya kwenda kichwani. Akacheka, akanieleza kwa mchoro.

Jumatatu, 13 Machi
Kazimili kapewa kazi na maji yanatoka kambini. Nimemshukuru, kwa shida. Ndassa alikuja kunipa pole, akanivika mtungi nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha shangazi. Nikavuta hewa. Tamu ajabu.

Shirika sasa linatafuta mtu wa kupanda mnara wa tangi kila asubuhi kuangalia maji yamefika wapi. Mnara ni wa chuma. Priscila alikataza miti. Nimejiandikisha wa kwanza. Nimemeza kidonge, na kesho naanza mazoezi juu ya paa la shangazi.