Jinsi Fundi Cherehani Alivyopigania Bei ya Matibabu Yasiyouzwa

Sogeeni, enyi mliowahi kuikataa bei ya kwanza! Tegeni masikio, enyi mliotoka dukani polepole mkitarajia kuitwa! Nawasimulia vita vya mume wangu, fundi cherehani, Simba wa Punguzo, aliyeshusha bei ya nyanya, ya kodi ya nyumba, hata ya jeneza la baba yangu, mbele ya wafiwa wenyewe.

Adui alikuja asubuhi, kitambulisho shingoni: binti wa utafiti, mpole wa sauti, mwenye begi la kadi. Alitaka kujua watu wasiojaliwa mtoto wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa matibabu. Sheria yake ilikataza mke kumsikia mume akijibu, basi nikapelekwa uhamishoni jikoni, nikagandisha sikio mlangoni. Kwa maana miaka yote ya ndoa yetu fundi alilifanyia jambo hilo mzaha, wala sikuwahi kujua kama bado anamtaka mtoto kwangu, au amekwisha kuchoka.

Binti akazipanga kadi mezani kama askari, bei ndogo mbele, na ile kubwa kuliko zote nyuma kama mfalme.

"Fundi, chagua bei ya juu kabisa ambayo ungekubali kulipa."

Simba akaiinua ya kwanza, akaigeuza kama kitambaa chenye doa. "Binti yangu, ndiyo ya mwisho hii? Mimi si mteja wa kupita."

"Sipunguzi, fundi. Siuzi kitu. Matibabu yenyewe ni ya kufikiria tu."

"Hayapo?"

"Hayapo."

"Hayapo, na bado ni ghali hivi!"

Ndipo alipoichomoa alani silaha iliyoangusha masoko: aliinuka, akajikung'uta, akatoka zake. Akatoka nyumbani kwake mwenyewe! Akasimama uani, mgongo kwa adui, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Binti alikuwa akichonga penseli. Jua likamchapa jemadari utosini, kuku wa jirani wakamkodolea macho, na hatimaye akarejea akisingizia kwamba amesahau kofia.

"Kumbuka, fundi," binti akasema, "pesa hizo zingeweza kununua kitu kingine. Cherehani mpya, kwa mfano."

Nikakumbatia sufuria tupu kama ngao. Kisha nikasikia kadi ikiburutwa mezani, kutoka mbali.

"Hii ya nyuma."

"Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Una hakika?"

"Andika, binti. Na huyo anayehema nyuma ya mlango mwambie alete chai."

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi: Simba wa Punguzo, ambaye hakuna muuzaji aliyepata kumtoza bei kamili, aliikubali mara moja tu maishani, kwa kitu kisichokuwepo. Mtoto hatukujaliwa. Chai niliileta, na sukari nikaitia mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

Mwezi uliopita seremala alinitajia bei ya jeneza la mume wangu. Nikajikung'uta, nikatoka polepole.

Niliitwa kabla sijafika mlangoni.