Farasi wa Mutheu Ameinama

Jumatatu, 9 Juni
Mutheu wangu anapanda farasi! Mtoto niliyemzaa mimi, hapa Mitaboni! Yuko ranchi huko Konza. Ijumaa anapimwa, na akipita anaandikwa kazi ya kudumu, ya kutembeza wageni. Ametuma video. Nimeionyesha chama chote cha akina mama, mara tatu. Katikati, farasi akateremsha kichwa, akanyoosha shingo karibu aguse vumbi. Nikawaeleza kwamba hiyo ni heshima. Jirani yangu Ndunge akacheka hadi leso ikamteleza. Eti punda wake hufanya hivyo akichoshwa na mitungi ya maji. Eti mnyama wa kuinamisha kichwa ni mgonjwa, na mtoto wangu atafukuzwa. Yeye mwanawe ana bodaboda, haina hata taa!

Jumanne, 10 Juni
Chai haipiti. Nimempigia Mutheu. Akasema mwaitu, mama yangu, tulia, ukimlegezea hatamu akanyoosha shingo chini, ujue mgongo umelainika na ameuamini mkono wako. Nikamwambia nimeelewa. Sijaelewa. Punda nimefuga miaka ishirini. Kichwa chini ni shida.

Alhamisi, 12 Juni
Dawa nimepata. Kamba! Punda akizoea kuinamia mahindi ya watu, unamfunga kamba fupi, kichwa kinabaki juu. Nimesuka moja ya katani, rangi mbili. Nzuri ajabu.

Ijumaa, 13 Juni
Konza, saa tatu. Mutheu akivaa helmeti, mimi nikafunga kamba haraka, kutoka lijamu ya mdomoni mpaka tandiko la mgongoni. Farasi, jina lake Kahawa, akasimama kichwa juu kama mwenyekiti. Raha! Mutheu akapanda. Mungu wangu! Mgongo mgumu kama ubao. Hatua fupifupi, kama mbuzi juu ya mabati ya moto. Mzee Kimanzi, ndiye anayepima, akaandika kitu kwenye daftari. Kirefu! Urbanus, mtunza farasi, akaja mbio akiuliza nani amefunga farasi kama mkungu wa ndizi. Akaikata kamba yangu kwa kisu. Mutheu hakunitazama. Akamzungusha Kahawa polepole, akalegeza hatamu kidogo, kidogo tena. Kahawa akapumua kwa pua, prrr! Shingo ikashuka, ikanyooka, mgongo ukaanza kubembea. Mzee Kimanzi akachana ule ukurasa. Amepita! Nikapiga vigelegele vitano. Urbanus akanieleza taratibu, kama mtoto wa nasari: si salamu, si ugonjwa, ni misuli imelegea na roho imetulia. Nikaitikia kila neno. Mutheu akanikumbatia, akaniomba nisimguse farasi wake tena mpaka kufa.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefikiria. Kahawa akiinama alikuwa ananiangalia mimi. Mara mbili! Huyo amejua mama mwenye mji ni nani. Nimeshatangazia chama kwamba Mutheu atamleta nyumbani, amwinamie Ndunge mbele ya pasta. Mutheu nitamwambia baadaye. Na farasi akiringa, nimeanza kusuka kamba nyingine, hii ni ya kuvuta chini. Kuku watatu wa kuchinja wamefungiwa. Waje wote, Ndunge akae mbele: Jumamosi tarehe 21, saa nane.